Namna ya kuandika ujumbe wa komiti na kutunza historia ya msimbo yenye manufaa

Anayesoma msimbo kwa makini anaweza kujua programu inafanya nini, na akivumilia anaweza hata kujua inafanyaje. Jambo ambalo hatalipata humo, hata akiusoma mara kumi, ni kwa nini mwandishi aliamua hivyo na si vinginevyo. Sababu hiyo ilikuwa kichwani mwa mtu siku mabadiliko yalipofanywa, na isipoandikwa siku hiyo hiyo hupotea, kwa kuwa mwenye kuijua huhamia kazi nyingine au husahau. Ujumbe wa komiti, yaani maelezo yanayoandikwa kila seti ya mabadiliko inapohifadhiwa katika historia ya msimbo, ndio mahali pa kuihifadhi. Unakaa pamoja na mabadiliko yenyewe, na hauachwi nyuma hata timu ikibadilisha mfumo wake wa tiketi (orodha ya kazi na hitilafu), mahali pake pa mazungumzo au kampuni inayoihifadhia hazina ya msimbo, yaani msimbo wote pamoja na historia yake. Mwongozo huu unatumia Git, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha Aprili 2005 kwa ajili ya kusimamia msimbo wa Linux, lakini mengi yaliyomo yanafaa kwa mfumo mwingine wowote wa kutunza matoleo.

Kabla ya kuandika, fahamu unamwandikia nani. Mpitiaji wa msimbo atausoma ujumbe wako leo au kesho, akiwa bado anaweza kukuuliza. Msomaji anayekuhitaji zaidi ni yule wa miaka kadhaa baadaye, ambaye ameletwa na hitilafu, ana haraka, hakujui, na anataka kujua kama mstari fulani unaweza kuondolewa bila madhara. Git inampa njia kadhaa za kukufikia. `git blame` humwonyesha, kwa kila mstari wa faili, komiti iliyougusa mara ya mwisho. `git log -S` ikifuatiwa na neno humtafutia komiti zilizoongeza au kupunguza idadi ya mara ambazo neno hilo linaonekana, kwa hiyo hugundua hata msimbo uliokwisha kufutwa. `git log -L` hufuatilia historia ya mistari michache au ya fanksheni moja. Njia zote hizi humfikisha kwenye ujumbe mmoja, na akikuta hapo neno "marekebisho" peke yake, utafutaji wake wote umekuwa bure.

Gawanya mabadiliko kwanza

Ujumbe mbaya mara nyingi hutokana na komiti mbaya. Mtu aliyefanya kazi siku nzima, akarekebisha hitilafu moja, akabadili majina ya faili mbili, akapanga upya nafasi za mistari na kupandisha toleo la maktaba, kisha akaviweka vyote katika komiti moja, hawezi kuandika ujumbe ulio wazi hata akiwa mwandishi hodari, kwa sababu hakuna jambo moja la kueleza. Kanuni ninayoifuata ni kwamba komiti moja ibebe sababu moja. Jaribu kuandika mstari wa kwanza, na ukiona unalazimika kuunganisha mambo mawili yasiyohusiana kwa neno "na" au "pia", hiyo ni dalili kwamba komiti inapaswa kugawanywa.

Kugawanya hakuhitaji uwe umefanya kazi kwa mpangilio tangu mwanzo. Amri ya `git add -p` hupitia mabadiliko kipande kwa kipande na kukuuliza kama kila kimoja kiingie: unajibu `y` kukubali, `n` kukataa, `s` kukigawa kipande kikubwa, na `e` kukihariri kwa mkono pale ambapo mambo mawili yameingiliana katika mistari inayofuatana. Ukimaliza, `git diff --staged` hukuonyesha kile hasa kitakachoingia katika komiti. Usiiache hatua hiyo, maana ndipo hukamatwa mistari ya majaribio iliyosahauliwa na nenosiri lililoandikwa kwa muda tu. Kumbuka pia kwamba ulichochagua kwa vipande hakijawahi kuendeshwa peke yake, kwa hiyo ficha mengine kwa `git stash --keep-index`, endesha majaribio, ndipo ufanye komiti.

Kuna mgawanyo mmoja ninaousisitiza kuliko mingine yote, nao ni kutenganisha mabadiliko ya umbo na mabadiliko ya tabia. Kuhamisha faili, kubadili majina na kupanga upya fanksheni ni kazi halali, lakini zikichanganywa na rekebisho la hitilafu, mistari michache yenye maana huzama katikati ya mamia ya mistari iliyohama tu, na mpitiaji hawezi kuiona. Tena Git haihifadhi popote taarifa kwamba faili imebadilishwa jina. Hukisia baadaye, kwa kulinganisha yaliyomo katika faili iliyotoweka na iliyotokea, na kwa kawaida huzihesabu kuwa ni faili ile ile iwapo zinafanana kwa angalau asilimia 50. Ukihamisha faili na kuiandika upya katika komiti moja, Git inaweza kuona faili moja imefutwa na nyingine mpya imezaliwa, na hapo `git log --follow` hukatika: historia yote ya nyuma haionekani tena kwa anayefuatilia faili hiyo. Hamisha kwanza, fanya komiti, kisha hariri.

Mabadiliko ya mpangilio wa nafasi na mistari nayo yapewe komiti yake, hasa pale timu inapoanza kutumia programu ya kupanga msimbo ambayo hugusa karibu kila faili kwa mara moja. Komiti ya namna hiyo ingeharibu matokeo ya `git blame`, kwani kila mstari ungeonekana kuwa kazi ya mtu aliyeendesha programu hiyo. Tangu toleo la 2.23 la Agosti 2019, Git inaweza kuziruka komiti za aina hii: andika namba zake za utambulisho katika faili ambayo kwa desturi huitwa `.git-blame-ignore-revs`, kisha itaje faili hiyo katika mpangilio wa `blame.ignoreRevsFile`. Njia hiyo hufanya kazi vizuri pale tu ambapo komiti haina kitu kingine ndani yake.

Faida nyingine ya komiti zilizogawanywa vizuri huonekana siku ya `git bisect`. Unaiambia Git komiti moja ambapo programu ilikuwa nzima na nyingine ambapo imeharibika, nayo hukata historia nusu kwa nusu, ikikuuliza kila mara kama hitilafu ipo au haipo, hivi kwamba komiti 1,000 humalizika kwa hatua 10 hivi. Ukiwa na jaribio linaloweza kujiendesha lenyewe, `git bisect run` hufanya kazi yote bila wewe kukaa hapo. Lakini hesabu hii hudai kwamba kila komiti iliyoko njiani iweze kujengwa na kuendeshwa. Ukiacha komiti ambayo haijengeki kwa kuwa nusu yake ya pili iko kwenye komiti inayofuata, anayetafuta atalazimika kuiruka, na zikiwa nyingi atabaki na kundi la komiti asijue ni ipi yenye kosa. Kwa sababu hiyo hiyo usigawanye kupita kiasi: rekebisho na jaribio linalolithibitisha hukaa pamoja, na fanksheni mpya hukaa pamoja na mahali pa kwanza inapotumika.

Mstari wa kwanza

Umbo la ujumbe halina mjadala mrefu. Andika mstari wa kwanza wenye herufi 50 hivi, acha mstari mmoja mtupu, kisha andika maelezo yenye mistari isiyozidi herufi 72. Mstari mtupu una kazi yake, kwani Git huchukua kila kitu kilicho juu yake kuwa kichwa, na ukiusahau, aya yako yote ya kwanza itamwagika ndani ya `git log --oneline`. Kipimo cha 72 kinatokana na kwamba `git log` husogeza maelezo kwa nafasi 4, nayo terminali nyingi (madirisha ya kuandikia amri) zina upana wa herufi 80. Hamsini si sheria, bali ni kikumbusho cha kufupisha.

Mstari huo uanze kwa kitenzi cha kuamuru: "Zuia", "Ongeza", "Ondoa", "Ruhusu". Git yenyewe huandika hivyo inapounganisha matawi (mifululizo ya komiti inayokwenda sambamba) au kutangua komiti, na historia yenye sauti moja husomeka upesi kuliko ile inayochanganya "nimerekebisha", "imerekebishwa" na "marekebisho ya". Ukitaja mwanzoni sehemu ya programu inayoguswa, kama wanavyofanya watunzaji wa Linux, msomaji atachuja orodha ndefu kwa kuitupia jicho tu. Baadhi ya timu hufuata utaratibu uitwao Conventional Commits, ambao huanza na alama kama `feat` au `fix`. Una maana pale ambapo kuna programu inayosoma alama hizo ili kupanga namba za matoleo au kuandaa orodha ya mabadiliko, lakini "fix: rekebisha hitilafu" bado ni ujumbe usiosema kitu.

Maelezo ndiyo kiini

Tuchukue mfano wa mabadiliko madogo kabisa, ambapo namba 10 imegeuzwa kuwa 35 katika mstari mmoja unaoweka muda wa kusubiri jibu. Wengi wangeandika "Rekebisha taimauti" na kuendelea na kazi nyingine. Ulinganishe na huu:

```
malipo: Subiri jibu la seva kwa sekunde 35

Wakati wa msongamano seva ya malipo huchukua hadi sekunde 30 kujibu.
Sisi tulikuwa tukikata mawasiliano baada ya sekunde 10 na kulihesabu
ombi kuwa limeshindwa, ilhali upande wa pili lilikuwa limekubaliwa.
Mteja alipojaribu tena, alitozwa mara mbili.

Sekunde 35 zinazidi kidogo kikomo cha seva hiyo, kwa hiyo jibu lake
hutufikia kabla hatujakata.

Njia bora zaidi ni kutia namba ya pekee kwenye kila ombi ili seva
itambue marudio, lakini toleo la kiolesura tunalotumia haliikubali.
Tukihamia toleo linaloikubali, kikomo hiki kinaweza kupunguzwa.

Tiketi: 418
```

Tazama kinachotokea mtu mwingine anapokutana na namba 35. Anaiona kubwa mno, ukurasa unachelewa, na angependa kuirudisha 10. Kwa ujumbe wa kwanza hana kinachomzuia, na wateja wataanza tena kutozwa mara mbili. Kwa ujumbe wa pili anajua kikomo hicho kinalinda nini, anajua namba yenyewe ilipatikanaje, na anajua ni hali gani ikibadilika ndipo awe huru kuipunguza. Aya ya mwisho ndiyo watu huiacha mara nyingi, nami naiona kuwa na thamani kuliko zote, kwa kuwa njia iliyofikiriwa ikakataliwa haiachi alama yoyote katika msimbo. Usipoiandika, atakayekuja baadaye ataiwaza upya, atatumia siku zake kuijaribu, na atagonga ukuta ule ule.

Ukikwama, jiulize mambo yalikuwaje kabla, yalikuwa na ubaya gani, uliutambuaje ubaya huo, na kwa nini umechagua dawa hii. Ikiwa programu ilitoa ujumbe wa kosa, unakili neno kwa neno, maana mwenye kukutana na kosa hilo tena ataweza kulipata kwa `git log --grep`. Ikiwa umeongeza kasi, andika kipimo cha kabla na cha baada pamoja na hali ya upimaji. Kusema tu kwamba sasa inakwenda haraka hakumsaidii mtu. Usiorodheshe faili ulizozigusa, kwa kuwa Git inazijua. Namba ya tiketi ni nyongeza nzuri ila haiwezi kusimama badala ya maelezo, kwani mifumo ya tiketi hufungwa na viungo hufa.

Si kila komiti inayohitaji aya tatu. Kusahihisha tahajia kwenye ukurasa wa msaada kunatoshwa na mstari mmoja. Urefu wa maelezo hautegemei idadi ya mistari iliyobadilika, bali ni kiasi gani msomaji atashangaa akiyaona mabadiliko bila kuambiwa kitu.

Zana nazo husaidia au huzuia. Anayezoea `git commit -m` huandika mistari mifupi kwa sababu amejifunga katika mstari mmoja wa terminali, kwa hiyo iache `-m` na uruhusu kihariri kifunguke. `git commit -v` huweka mabadiliko yote chini ya sehemu ya kuandikia, ukaweza kuyasoma huku ukiandika, nayo hayaingii kwenye ujumbe. Mpangilio wa `commit.template` hukuwezesha kuanza na faili yenye maswali yako ya kudumu badala ya ukurasa mtupu. Jihadhari na jambo moja dogo: ndani ya kihariri, mstari unaoanza na alama ya `#` huhesabiwa kuwa maelezo ya Git na hufutwa kimyakimya, hivyo ukianza mstari kwa `#418` hautauona tena. Tanguliza neno, kama nilivyofanya katika mfano.

Safisha kabla ya kushirikisha

Hakuna anayefanya kazi kwa mpangilio kamili tangu dakika ya kwanza, na si lazima. Ukiwa kwenye tawi lako, fanya komiti mara nyingi upendavyo, hata zenye ujumbe wa "jaribio la pili", kwa kuwa hizo ni kinga yako dhidi ya kupoteza kazi. Kinachotakiwa ni kuzisafisha kabla wengine hawajazipokea. `git commit --amend` hurekebisha komiti ya mwisho. Ukigundua kosa katika komiti ya nyuma zaidi, weka rekebisho kwa `git commit --fixup=` ikifuatiwa na namba ya komiti inayohusika, kisha `git rebase -i --autosquash` italipeleka mahali pake na kuliunganisha. Ndani ya `git rebase -i` unaweza pia kubadili mpangilio wa komiti, kuandika upya ujumbe au kuitupa komiti isiyohitajika.

Mpaka wa kazi hii ni pale komiti inapotumiwa na mwingine. Namba ya utambulisho ya komiti hukokotolewa kutokana na yaliyomo, ujumbe wake na komiti inayoitangulia, kwa hiyo ukigusa hata herufi moja ya ujumbe, komiti hiyo na zote zinazoifuata huwa mpya, na aliyejenga kazi yake juu ya zile za zamani hubaki na historia isiyolingana na yako. Usiandike upya tawi la pamoja. Ikiwa tawi ni lako mwenyewe na ulikwisha kulisukuma kwenye seva, tumia `git push --force-with-lease` badala ya `--force` tupu, kwani hukataa iwapo tawi lililoko kwenye seva limebadilika tofauti na unavyolijua. Ukipotea katikati ya usafi, `git reflog` huorodhesha mahali tawi lako lilipowahi kuwa. Komiti zilizoachwa nje ya tawi hutunzwa humo kwa siku 30 kama hujabadili mipangilio.

Timu nyingi hubana tawi zima kuwa komiti moja wakati wa kuliunganisha. Kwa tawi lenye komiti za kubahatisha, hilo linafaa, mradi aliyebana aandike ujumbe mpya badala ya kuacha orodha ya "jaribu tena" iliyojazwa na mfumo. Kwa tawi lililogawanywa kwa uangalifu, kubana ni kuharibu kazi nzuri. Anayependa kuona muhtasari tu ana `git log --first-parent`, inayofuata mfululizo wa tawi kuu bila kuingia ndani ya matawi yaliyounganishwa.

Komiti ya kutangua inastahili uangalifu wa pekee. `git revert` huandika yenyewe kwamba imetangua komiti fulani, na wengi huiacha hivyo, ilhali swali la lazima ni kwa nini ilitanguliwa: je, ilivunja kitu, kipi, na kionekane nini kabla ya kujaribu tena? Ongeza maelezo hayo. Vivyo hivyo, unaporekebisha hitilafu iliyoletwa na komiti ya zamani, itaje. Watunzaji wa Linux huandika mstari wa `Fixes:` wenye angalau herufi 12 za mwanzo za namba ya komiti pamoja na kichwa chake, nami nashauri kichwa kisiachwe, kwa kuwa namba hupotea hazina ikiandikwa upya, lakini kichwa bado kinaweza kutafutwa.

Jambo moja haliponi kwa usafi wa kawaida, nalo ni siri iliyoingia kwenye historia. Ukiweka nenosiri au ufunguo katika komiti kisha ukaufuta katika komiti inayofuata, bado upo, na mtu yeyote mwenye nakala ya hazina anaweza kuusoma. Kwanza ubatilishe ufunguo huo kule ulikotolewa na upate mwingine. Baada ya hapo ndipo ufikirie kuisafisha historia kwa `git filter-repo`. Kusafisha bila kubatilisha hakukulindi, maana nakala zilizokwisha kuchukuliwa huwezi kuzifikia.

Kwa hazina ya zamani iliyojaa jumbe zisizosema kitu, usijaribu kuiandika upya. Kila unapochimba sababu ya mstari fulani, kwa kuuliza waliokuwepo au kwa kusoma tiketi za zamani, ihifadhi sababu hiyo kwa `git notes add` ukitaja namba ya komiti inayohusika. Maelezo hayo huonekana chini ya ujumbe wa awali katika `git log` bila kubadili namba ya komiti, kwa hiyo hayamvurugi yeyote. Git haiyasukumi yenyewe, hivyo tuma `git push origin refs/notes/commits`, na uwaambie wenzako wayavute kwa `git fetch origin refs/notes/commits:refs/notes/commits`.